Forester XT ya mwaka 2014 imewekewa 20W-50: nirudi 5W-30 au niende 5W-40?

Msafiri wa Moro

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu oili ya injini, kwa sababu nimeuliza kwenye gereji tatu na nimepata majibu matatu tofauti, kila fundi akiapa kwamba la kwake ndilo sahihi.

Gari langu ni Subaru Forester XT ya mwaka 2014 lililotoka Japani. Injini ni FA20, silinda nne zilizolala, yenye turbo na nozeli zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nililinunua likiwa na kilomita 81,000 na sasa linasoma 94,300. Naishi Morogoro. Siku za kazi natembea safari fupi za kilomita nne au tano mjini, na mara mbili kwa mwezi napanda Iringa kupitia mlima wa Kitonga.

Mara mbili za mwisho nimemwaga oili kwenye gereji moja ya hapa mjini. Fundi aliniambia kwamba 5W-30 iliyoandikwa kwenye stika ya Kijapani ni oili ya nchi za baridi na kwamba kwa joto letu inakuwa kama maji. Akabadilisha filta, akamimina galoni moja ya lita 4 ya 20W-50, akafunga. Tangu hapo, nikiwasha gari asubuhi nasikia mlio mkavu upande wa mbele wa injini kwa sekunde mbili au tatu, kisha unapotea. Nilipopima baada ya kilomita 2,000, kijiti cha oili kilitoka kikavu kabisa, nikalazimika kuongeza lita nzima. Je, injini imeanza kula oili? Na je, nirudi kwenye 5W-30, niende 5W-40, au nibaki na oili nzito kwa kuwa sasa inapungua?

Babu wa Kilosa

Kijana wangu, pole kwa usumbufu. Mimi nina Land Cruiser ya kabureta ambayo imekunywa 20W-50 kwa zaidi ya miaka ishirini, imebeba mahindi na wagonjwa, na haijawahi kufunguliwa injini. Oili nzito inashika vyuma na haipiti kwenye ringi za pistoni kirahisi. Kama gari lako linapunguza oili, kwenda kwenye oili nyepesi ni kulizidishia tatizo. Huo ndio uzoefu wangu.

Fundi Njiro

Shikamoo Babu. Uzoefu wako ni wa kweli kwa injini uliyonayo, na hata mimi nikiletewa gari la namna hiyo sitalibadilishia oili. Lakini FA20 ni injini ya namna nyingine, na nitaeleza.

Kwanza, mkuu wa Moro, umeandika jambo moja kwa kulipita haraka, nami naona ndilo kubwa kuliko yote: galoni moja ya lita 4, akafunga. Injini yako inachukua takriban lita 5.1 pamoja na filta. Lita 4 zinakuacha karibu na alama ya chini ya kijiti siku ileile unapotoka gereji. Nafasi kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Kwa hiyo gari halikuhitaji kula lita nzima ili kijiti kiwe kikavu. Kupungua kidogo tu, kwa kiasi ambacho injini yenye turbo inaweza kupunguza bila ugonjwa, kulitosha. Huwezi kusema inakula oili mpaka uijaze hadi alama ya juu na upime tena baada ya kilomita 1,000. Nimeshapokea magari mawili ya aina hii ambayo wenyewe waliambiwa wabadilishe ringi, kumbe yalikuwa yanajazwa kwa kipimo cha galoni.

Kupima nako kunahitaji uangalifu. Simamisha gari mahali pa tambarare, zima, ngoja dakika kumi ili oili ishuke, kwa sababu silinda zimelala na oili hairudi kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, haraka. Futa kijiti, kirudishe, kitoe, kisha soma pande zote mbili. Upande mmoja mara nyingi huchafuliwa na oili iliyoshika ukutani mwa bomba. Amini upande unaoonyesha kiwango cha chini.

Ama mlio wa asubuhi, cheni ya taimingi ya injini hii inakazwa na tensheni inayosukumwa na presha ya oili, na mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka nao unafanya kazi kwa presha hiyohiyo, kupitia njia nyembamba sana. Oili nzito inayovutwa kutoka kwenye sampo ambayo haijajaa inachelewa kufika huko. Sithubutu kusema kwamba cheni ni nzima bila kuisikia kwa masikio yangu, lakini ningeanza na oili sahihi na kiwango sahihi kabla sijagusa chuma chochote.

Mkemia wa Vilainishi

Nafanya kazi kwenye maabara ya vilainishi Dar es Salaam, nami naunga mkono maneno ya Fundi. Naomba niongeze sababu ambayo gereji nyingi haziitaji, kwa kuwa zote zinabishana kuhusu namba za mbele ya kopo, ilhali kwa injini ya aina hii jambo la kwanza kusomwa liko nyuma ya kopo.

Namba iliyo kabla ya W hueleza wepesi wa oili ikiwa baridi. Namba ya mwisho, yaani 30, 40 au 50, hueleza mnato wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Daraja la 30 huanzia sentistoki 9.3 na kuishia chini ya 12.5, la 40 huanzia 12.5 na kuishia chini ya 16.3; la 50 huanzia 16.3. Termostati hulifanya joto la maji ya injini likaribiane iwe gari liko Sapporo au liko Morogoro, kwa hiyo hoja ya kwamba joto letu linaigeuza 5W-30 kuwa maji haina nguvu. Kinachopandisha joto la oili zaidi ni mzigo: turbo, mlima mrefu, gari lililojaa abiria. Hapo ndipo hoja ya 5W-40 inapopata uzito, nami siipingi.

Sasa tuje nyuma ya kopo. Injini ndogo zenye turbo na nozeli za moja kwa moja zina ugonjwa wao, unaofupishwa LSPI, yaani mwako wa mapema injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Dereva anapokanyaga mafuta kwa nguvu huku injini ikizunguka polepole, tuseme mizunguko 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, matone ya oili iliyochanganyika na petroli hutoka kwenye mwanya wa juu wa pistoni na kuwaka kabla plagi haijatoa cheche. Presha inayotokea ni kubwa mno, kiasi kwamba tukio moja linaweza kuvunja ukuta wa pistoni unaobeba ringi. Imethibitika kwamba kalsiamu, ambayo ni kiungo cha kawaida cha kusafishia katika oili, inachochea mwako huo ikiwa nyingi. Ndiyo maana watengenezaji wengi wamepunguza kalsiamu na kuweka magnesiamu badala yake. Katika madaraja ya API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, daraja la API SN Plus lilianza kutumika Mei 2018 kwa sababu hiyo, na API SP likafuata Mei 2020, likiwa na kipimo cha LSPI pamoja na kipimo cha kulika kwa cheni ya taimingi. Kuanzia Machi 2025 kuna API SQ, ambalo linapima LSPI hata kwa oili iliyokwisha kuzeeka.

Geuza lile kopo la 20W-50 ulilowekewa. Ukikuta SF, SG au SL, basi oili hiyo iliundwa kabla ugonjwa huu haujawekewa kipimo. Babu wa Kilosa hahitaji kipimo hicho kwa kabureta yake. Wewe unakihitaji, hasa Kitonga.

Kwa hiyo jibu langu ni 5W-30 sintetiki yenye API SP au SQ. Ukichagua 5W-40, hakikisha nayo imeandikwa SP au SQ, na usishangae ukikosa ile alama ya nyota ya ILSAC (kamati ya watengenezaji magari inayoweka viwango vya oili) mbele ya kopo, kwani alama hiyo haitolewi kwa daraja la 40.

Bi Matrah

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nawaandikia kutoka Maskati. Huku kiangazi joto la nje hupita nyuzi 45, na nina gari la turbo lenye nozeli za aina hiyohiyo. Miaka miwili ya kwanza nilitumia 5W-30, sasa natumia 5W-40 ya API SP kwa sababu kila wiki napanda milima ya Nizwa nikiwa na familia. Sijaona mtu mwenye injini kama hii akiweka 20W-50 hapa, na joto letu nadhani limewazidi Morogoro. Kilichonisaidia kuliko kubadilisha namba ni kumwaga oili mapema: kila kilomita 5,000 au miezi sita, lolote litakalotangulia.

Golf wa Ngong Road

Nakubaliana na dada kuhusu kumwaga mapema. Nina Golf ya 1.4 TSI hapa Nairobi, na kwa Volkswagen namba za kutafuta nyuma ya chupa ni VW 502 00 au 504 00. Nawaomba wenye Golf wasichukue 508 00 kwa kuiona mpya zaidi, maana hiyo ni 0W-20 ya injini zilizoundwa kwa ajili yake.

Ndugu wa Moro, safari zako za kilomita nne zinanitia wasiwasi kuliko Kitonga. Petroli inayopulizwa ukutani mwa silinda injini ikiwa baridi huteremka kwenye oili, na safari fupi haziipi nafasi ya kuvukizwa. Nusa kijiti. Kikinuka petroli kwa ukali, au kiwango kikipanda badala ya kushuka, usingoje kilomita zitimie.

Msafiri wa Moro

Asanteni sana nyote, na Babu, ushauri wako naupokea kwa heshima. Leo asubuhi nimepima kama Fundi alivyoelekeza. Upande mmoja wa kijiti unaonyesha nusu, mwingine unaonyesha milimita chache tu juu ya alama ya chini, na kuna harufu ya petroli, ingawa si kali. Kopo la zamani nimelikuta stoo: limeandikwa SL.

Nina maswali mawili. Nitajuaje kwamba oili ya SP ninayouziwa si feki? Na je, nisafishe injini kwa dawa ya kuflashi kabla ya kubadilisha?

Mkemia wa Vilainishi

Kuhusu feki, nunua kwa wakala anayekupa risiti yenye jina la duka. Maneno kama "inafaa kwa SP" hayatoshi. Tafuta duara la API lenye daraja katikati, kisha tafuta jina la oili hiyo kwenye orodha ya wenye leseni ambayo API imeiweka wazi mtandaoni. Linganisha namba ya toleo iliyo kwenye kopo na ile ya kwenye boksi. Ukimaliza, toboa kopo kabla ya kulitupa. Makopo mazima yenye vizibo vyake ndiyo yanayonunuliwa mitaani na kujazwa upya, na najisikia vibaya kila nikiona gereji ikiyapanga vizuri nje kwa ajili ya wanunuzi hao.

Jambo jingine ni kaboni. Kwenye injini yako petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna kinachoziosha, na mvuke wa oili hugandia pale. Dawa ya kumimina kwenye tangi haifiki huko. Oili isiyovukiza sana husaidia kuchelewesha, ila valvu zikishaziba husafishwa kwa mkono au kwa kupulizwa unga wa maganda ya jozi.

Fundi Njiro

Usiflashi. Mwaga hii oili ikiwa moto, badilisha filta, jaza 5W-30 hadi alama ya juu, tembea kilomita 2,500, mwaga tena. Oili mpya itasafisha yenyewe taratibu. Baada ya hapo shika kilomita 5,000, na usikae zaidi ya miezi sita hata kama hazijatimia.

Kitonga weka mkao wa S kwenye SI-Drive (kitufe cha kuchagua mtindo wa uendeshaji) au shika gia za mkono kwenye usukani, ili giaboksi isiiache injini chini huku umekanyaga mafuta. Ukifika juu, endesha polepole dakika chache kabla ya kuzima, turbo ipoe ikiwa na oili inayopita.

Msafiri wa Moro

Nimeelewa. Nimeagiza galoni ya lita 4 na kopo mbili za lita moja, zote 5W-30 API SP kutoka kwa wakala wa Dar, na Jumamosi nitasimama mwenyewe pale gereji oili ikimiminwa. Nitapima kila kilomita 1,000 na kuleta vipimo hapa, pamoja na hali ya ule mlio.

Fundi Njiro

Vizuri. Nunua pia washa (pete ya kuzibia) mpya ya nati ya sampo, maana ya zamani ikishabanwa mara moja haizibi tena sawasawa. Filta ya gari lako iko juu, mbele kidogo, ukifungua boneti unaiona. Mwambie fundi aweke kitambaa kuizunguka kabla hajailegeza, oili isije ikamwagikia vyuma vya moto vilivyo chini yake.