Niandike "found" au "have found" katika kitabu cha OB?

Msimamizi wa Zamu:
Hamjambo, wanajukwaa. Ninasimamia walinzi wa usiku katika jengo moja la ofisi lililo karibu na Moi Avenue, na kila alfajiri, kabla sijakabidhi zamu, hunilazimu kuandika kwa Kiingereza katika kitabu cha OB (Occurrence Book, yaani kitabu cha matukio) yote yaliyotokea usiku. Nimekuwa nikiandika hivyo kwa miaka bila kuulizwa swali, mpaka wiki iliyopita meneja aliponirudishia ukurasa uliojaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika hivi: "I have found the back gate has been opened at 2.15 a.m. The guard had slept. I did not woke him immediately." Aliniambia kwamba nyakati zote nimezikosea, na kwamba sentensi ya kwanza ingeweza kumponza mtu asiye na hatia, kisha akaenda zake bila kufafanua.

Kichwani mwangu maneno yalikuwa ya Kiswahili: nimekuta lango la nyuma limefunguliwa, mlinzi alikuwa amelala, sikumwamsha mara moja. Mimi naona kila neno nimelitafsiri lilivyo. Kosa liko wapi? Tena, je, kuna namna ya kuamua, mbali na kulikariri upya lile jedwali la vitenzi tulilochapiwa viboko kwa ajili yake shuleni?

Mwalimu wa Eastlands:
Ndugu Msimamizi, pole kwa wino mwekundu. Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili, na kosa lako la kwanza ndilo ninalosahihisha kuliko mengine yote, kwa sababu linatokana na kiambishi chetu cha "-me-". Sisi katika mazungumzo tunaweza kusema "nimefika jana" na asiwepo wa kushtuka. Kiingereza hakikubali. Muundo wenye "have" hautaki kukaa sentensi moja na saa au siku iliyokwisha kupita, na wewe umeitaja saa yenyewe, yaani saa nane na robo usiku. (Nakupongeza kwa kuigeuza saa sawasawa, maana wapo wanaoandika "8.15 at night" na kumfanya mwizi aonekane aliingia watu wakiwa bado wanakula chajio.) Kabla hujaandika "have", jiulize "lini?" Ikiwa sentensi yako imeshajibu swali hilo kwa kutaja wakati uliopita, andika "found" na uendelee na kazi.

Sikiliza taarifa ya habari utaona jambo hilohilo. Msomaji huanza na "Police have arrested three men," kwa kuwa habari ni mpya na wakati haujatajwa, lakini akishafika kwenye maelezo husema "They were arrested on Tuesday night." Hata msomaji wa Kiswahili hufanya hivyo: polisi wamewakamata watu watatu, walikamatwa Jumanne usiku.

Tena, sehemu kubwa ya kitabu cha OB ni masimulizi, na masimulizi yetu hutembea kwa "-ka-": niliingia uani, nikawasha tochi, nikakagua madirisha, nikarudi. Kiingereza hakina "-ka-", kwa hiyo vitenzi vyote hivyo huingia katika wakati uliopita wa kawaida: "I entered the yard, switched on my torch, checked the windows and came back." Usitie "have" katikati ya mnyororo huo.

Kuhusu "did not woke", tazama neno lako mwenyewe, "sikumwamsha". Ukiwa unakubali husema "nilimwamsha", lakini ukikana, "-li-" hutoweka, "-ku-" hubeba wakati uliopita, na mzizi "amsha" hubaki vilevile. Neno "did" linafanya kazi ya "-ku-" hiyo. Kwa kuwa limeshaubeba wakati, kitenzi kinachofuata hakina haja ya kuubeba mara ya pili: "I did not wake him."

Palipo na manufaa zaidi kwa kazi yako ni kwenye "-ja-". Mlinzi wa mchana asipotokea, na wewe unaandika saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi ukiwa bado unamngoja, utaandika "The day guard has not arrived," yaani hajafika. Ukiandika baadaye, kungoja kukiwa kumekwisha, utaandika "did not arrive," yaani hakufika. Hapo Kiswahili na Kiingereza ni pacha, na anayejua kutofautisha "hajafika" na "hakufika" hana haja ya jedwali.

Karani Mstaafu:
Mwalimu amesema vyema, ila ameziruka sentensi mbili zilizomkasirisha meneja. Nilipiga chapa maelezo ya mashahidi katika ofisi ya wakili kwa muda mrefu, na niliona kesi zikizunguka juu ya maneno kama hayo.

"Amelala" kwa Kiswahili ni hali aliyo nayo mtu sasa: ukimtazama, macho yamefumba. "Slept" ni tendo. Kwa hiyo "the guard had slept" humwambia Mwingereza kwamba mlinzi alikuwa ameshapata usingizi wake, na pengine wakati ulipomkuta alikuwa macho kabisa! Ulichotaka kusema ni "The guard was asleep." Vitenzi vyetu vya namna hii ni vingi, na vyote ni mtego: amesimama, ameketi, amechoka, amevaa. Shahidi akisema mtu alikuwa amevaa koti jeusi, tuliandika "he was wearing a black jacket," wala si "he had worn". Hiyo ya pili huacha swali kama koti lilikuwa bado mwilini.

Sasa lango. Kiswahili kina maneno matatu hapa: lango lilikuwa wazi, lilikuwa limefunguka, na lilikuwa limefunguliwa. La tatu peke yake ndilo lenye mtu nyuma yake, na "had been opened" ni la tatu hilo. Je, ulimwona aliyefungua, au uliona kufuli imekatwa? Kama hukuona chochote ila lango lililo wazi, andika "I found the back gate open." Ukiandika "had been opened", umeshamleta mkosaji, na usiku ule mtu wa karibu zaidi alikuwa mlinzi wako aliyelala.

Kijana wa Kilimani:
Naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Ninapofanya kazi, wakubwa wangu ni Wamarekani, na kila siku wananiandikia "I already sent it" na "Did you eat yet?" Shuleni nilifundishwa kwamba hapo lazima pawe na "have". Nani amekosea?

Mwalimu wa Eastlands:
Hakuna aliyekosea. Wamarekani huutumia wakati uliopita wa kawaida pamoja na "already", "just" na "yet" bila wasiwasi, ilhali Kiingereza kinachofundishwa Kenya kinafuata zaidi mazoea ya Uingereza, na katika mtihani ningekushauri uandike "I have already sent it." Lakini jambo hilo halimhusu Msimamizi, kwa kuwa "have found at 2.15 a.m." haikubaliki Uingereza wala Marekani.

Msimamizi wa Zamu:
Nawashukuru nyote, na kwako Karani shikamoo, maana naona umenizidi umri. Kufuli haikuwa imekatwa, na sikumwona mtu. Nimeandika upya: "At 2.15 a.m. I found the back gate open. The guard was asleep. I did not wake him immediately; I checked the yard first and found nothing missing. I woke him at 2.25 a.m. He said he closed the gate at midnight." Hiyo ya mwisho inanisumbua, kwa sababu yeye aliniambia "nililifunga", na mimi sina uhakika kama ni kweli.

Swali jingine dogo: katika barua ya kuomba cheo, niseme "I worked here for six years"?

Karani Mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Katika barua andika "I have worked here for six years," kwa sababu bado upo. Ukiandika "worked", watadhani umeshaondoka.

Kuhusu mlinzi, andika "He said he had closed the gate at midnight." Hiyo "had" inarudisha kufunga nyuma ya kusema, kwa kuwa saa sita usiku ilitangulia saa nane na dakika ishirini na tano, na "he said" iache palepale ilipo. Kwamba alisema hivyo ulisikia kwa masikio yako. Kama kweli alilifunga, hilo utamwachia ajieleze mwenyewe mbele ya meneja.