Siku mbili za kuujua mji na mke: Mji wa Kale, Mama Ngina au ufuo wa Bamburi?

mgeni_wa_buxton:
Habari zenu wana Mombasa. Nimehamishiwa huku kikazi, na mke anafika Ijumaa kwa treni ya saa tisa kutoka Nairobi, baada ya miezi saba ya kuishi mbalimbali. Sote wawili ni wageni wa mji. Tuna Jumamosi na Jumapili, gari hatuna, na tunapendelea kutembea kwa miguu. Kati ya Mji wa Kale na Fort Jesus, bustani ya Mama Ngina, na ufuo wa Bamburi, tuanze na upi, saa ngapi, na tuepuke nini?

bi_kibokoni:
Mwanangu, kwanza Ijumaa usipange kitu. Treni hiyo hufika kama saa mbili za usiku, na hukushusha Miritini, si mjini. Mpokee, mpeleke nyumbani, apumzike.

Jumamosi asubuhi ni ya Mji wa Kale, wala usingoje Jumapili, maana maduka mengi siku hiyo hufungwa. Ngome ya Fort Jesus hufunguliwa saa mbili. Fikeni mapema: ule ua wa kati hauna kivuli, na ikifika saa tano mawe yanawaka. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu raia halipi sawa na mgeni wa nje. Malipo ni kwa simu, kwa hivyo iwe na chaji. Ngome hiyo Mreno aliianza 1593, Mwarabu wa Omani akamtoa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Saa moja na nusu yatosha.

Mkitoka shikeni Ndia Kuu mpaka Msikiti wa Mandhry, uliojengwa 1570, halafu teremkeni hadi Bandari ya Kale. Hapo rudini nyuma, mvuke Barabara ya Digo, muingie Biashara Street kwa leso. Leso huuzwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Mwombe muuzaji akuelekeze kwa fundi hapo hapo akate na kupinda. Na usome jina, yale maandishi ya leso, kabla ya kulipa! Watu hutazama pindo na mji, yaani pambo la katikati, wanasahau maandishi, kisha mtu anamvisha mkewe fumbo la ugomvi wa wake wenza.

Jambo moja kwa upole: Kibokoni, hapo Mji wa Kale, ni mitaa ya watu, si maonyesho. Mabega na magoti yafunikwe, na kukumbatiana kusubiri nyumbani. Najua ni miezi saba.

nahodha_tudor:
Bi Kibokoni kasema vyema, lakini hakuna aliyetaja maji. Ufuo wa Bamburi si kitu kimoja. Maji yakijaa waoga, yakipwa watembea juu ya mwani na mawe mpaka karibu na mwamba. Wageni wengi hufika wakati wa kupwa, wakalaumu bahari.

Hesabu ni rahisi ukijua tarehe ya mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa sana kama saa nne asubuhi, hujaa kama saa kumi alasiri. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Baada ya wiki ni maji mafu, saa zimegeuka, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mashua ya kioo ya kutazama samaki ichukue maji yakiwa yamepwa, kuogelea, yakijaa. Ukitembea mwambani vaa viatu vya mpira vya kufunika vidole, kuna wale wanyama wadogo wa baharini wa miiba myeusi.

Tena, musingojee Bamburi jua likitua baharini. Bahari yetu iko mashariki. Machweo ya majini mutayapata English Point, ng'ambo ya Mji wa Kale: jua latua nyuma ya nyumba za kisiwani.

makanga_mstaafu:
Kaka, kwa vile uko Buxton, matatu za Bamburi na Mtwapa zinapita hapo hapo. Mwambie makanga "Pirates", ndiyo ufuo wa umma. Ndani ya kisiwa panda tuktuk, na mpatane bei kabla ya kuketi. Ukisema "twende tu" umeshalipa mara mbili.

Mimi Mama Ngina ningeiweka Jumamosi jioni, si Jumapili. Kuingia ni bure, na Jumapili kuanzia saa kumi hata pa kukalia huna. Mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, dafu, upepo, na meli zinaingia Kilindini mbele ya macho yenu. Dafu mwambie akukatie lenye nyama laini, ama atakupa koroma. Kuoga hakuna, ni majabali na yanateleza.

Feri ya Likoni iko karibu na hapo, na mtembea kwa miguu halipi. Lakini jioni ya siku za kazi watu wote wanarudi Likoni, mtasukumwa. Vukeni asubuhi, mkitoka kisiwani. Simu mfukoni, kupiga picha feri ni kujitafutia maneno na askari.

bi_kibokoni:
Jumamosi asubuhi ngome, jioni Mama Ngina? Shemeji yetu ametoka safari, atachoka. Mchana walale.

mgeni_wa_buxton:
Shukrani. Nimeuliza msikitini, Jumapili ni tarehe 8 ya mwezi mwandamo. Bamburi twende saa ngapi?

nahodha_tudor:
Tarehe 8 ni maji mafu. Yatajaa kama saa nne asubuhi, yatapwa kama saa kumi. Pandeni matatu saa mbili, muoge mpaka saa tano na nusu, muondoke kabla umati haujafika. Mashua ya kioo wacheni siku hiyo, asubuhi maji ni mengi juu ya mwamba. Jioni saa kumi na moja na nusu muwe English Point.

makanga_mstaafu:
Na ubebe pesa ndogo ndogo. Makanga wa Jumapili hana chenji.