Wanawake mliowahi kugombea au kuingia kwenye uongozi (na waume zenu pia), tupeane uzoefu

Habari za jioni wakuu. Mada nimeleta mimi kwa hiyo naanza mwenyewe.

2024 nilichukua fomu ya uenyekiti wa mtaa. Mimi ni mama lishe, na mwaka wa tisa huu ndo mweka hazina wa kikoba, yani mtaani hapa hakuna asiyenijua. Nikajiambia kura ninazo. Sasa mpinzani wangu wala hakuhangaika na habari za maji wala taa za barabarani, kila kijiwe alikuwa anauliza kitu kimoja tu, "hivi akigongewa saa nane usiku kuna ugomvi huko, mumewe atamruhusu atoke?" Basi. Lile swali likafika nyumba ambazo mimi sikuwahi kufika.

Siku ya kura za maoni tawini wenzangu wa kikoba wakaja na vitenge vya sare tulivyoshona pamoja, mmoja akanikonyeza kabisa, nikajua kazi imeisha. Kura 19. Kikoba peke yake tuko 30! Na jioni wakaja kunipa pole na hotpoti la chapati juu. Ndo nikaelewa ile kauli ya 2020 ya walioangushwa kura za maoni, kwamba wajumbe sio watu wazuri. Kinachouma ni kwamba sijui nani alinipa na nani alininyima, na kila Jumapili nakaa nao duara moja nawaandikia hisa zao.

Haya leteni yenu.

MUME WA MHESHIMIWA
Nasema ukweli humu kwa sababu hamnijui. Mke wangu ni diwani wa viti maalum, vile vya wanawake ambavyo mtu anapendekezwa na chama chake. Mwezi wa kwanza nilijifanya mwanaume wa kisasa, nawapeleka watoto shule, napika hata ugali, lakini simu zikawa zinaingia saa tano usiku na zote za wanaume, mara mwenyekiti, mara mtendaji, siku moja akiwa anaoga nikaichukua simu nikaanza kusoma. Nikakuta ujumbe arobaini na kitu wa mfereji uliobomoka. Arobaini!! Mpaka picha za mfereji. Niliirudisha mezani kimya kimya na sijawahi kumwambia. Kijiweni bado wananiita shemeji wa halmashauri, nishazoea.

MZEE WA KAHAWA
Mnisamehe dada zangu ila hivyo viti maalum vinalemaza. Vimeanza 1985 bungeni vikiwa 15, mtu apite apo ajifunze aende jimboni, leo katiba inataka visipungue asilimia 30 na kuna mtu yumo miaka yote hajawahi kumwomba mwananchi kura. Bibi Titi alizunguka nchi enzi za kudai uhuru kuitafutia TANU wanachama, nani alimpa kiti maalum?

DADA WA TAWINI
Mzee hapo kwenye kulemaza sikupingi, niliwahi kuomba hivyo viti najua. Lakini usifikiri ni asali. Mbunge wa viti maalum mfuko wa jimbo haumhusu, na uwaziri mkuu hata awe na akili vipi hapati maana katiba inataka mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Mwenzako anakuita mheshimiwa huku anakuona nusu. Ukienda jimboni sasa ndo unaambiwa "si mna viti vyenu nyie, hiki mnakitakia nini?" Na huyo Bibi Titi, waulize vijana wa Dar, wengi wanajua ni barabara yenye foleni.

MSWAHILI WA KILIFI
Hapo kwa "mna viti vyenu" umenigusa. Huku Kenya mimi nilisimama 2022 kutafuta uwakilishi wadi, wazee wakanambia mwanangu nenda kagombee ile ya Mama Kaunti, kiti cha mbunge mwanamke wa kaunti, hii waachie wanaume. Kisha ikaja ile nyengine. Wadi niliyoolewa wakanambia wewe si wa huku, kwenu ni kule. Kwetu nilikozaliwa nako wakasema ushaolewa, nenda kaombe kura kwa mumeo. Sasa mie ni wa wapi, wa baharini? Mwaka huohuo jirani zetu Kwale wakamchagua mama Achani awe gavana, kwa hivyo msinambie ni mambo ya Pwani au ya dini.

MAMA BARAZA
Mimi sikugombea kwa kelele, nilipendekezwa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema wajumbe saba, watatu kati yao wawe wanawake, nasi watatu tulikuwepo, kwenye karatasi. Kikao wanakaa wanaume, kesho yake kijana analetwa na bodaboda na muhtasari, ananikuta nasonga ugali, "mama weka sahihi hapa", pikipiki hata haijazimwa. Nimesaini hivyo sijui mara ngapi, aibu yangu mwenyewe.

Siku moja nikafuta mikono nikasoma. Lilikuwa shamba la mjane mmoja, shemeji zake wanasema la ukoo, na humo imeandikwa wajumbe wote tumekubaliana. Nikamwambia kijana zima pikipiki. Nikasoma mpaka mwisho ugali ukaungua, nikamrudishia bila sahihi. Wiki hiyo sikusalimiwa na nusu ya kijiji na mzee mmoja akaja kumuuliza mume wangu kama kanishindwa. Kikao kikaitishwa upya tukakaa wote, mara ya kwanza. Mjane bado analima pale.

MLETA MADA
Mama Baraza wewe ndo umeniua, hiyo ya pikipiki haijazimwa!

Mzee wa Kahawa, nikujibu kidogo. Nilishindwa ndio, ila juzi saa nane usiku nimegongewa. Binti wa jirani uchungu umemshika na mwenyekiti tuliyempa kura simu yake haipatikani. Mume wangu ndiye aliyenitafutia kandambili na tochi.

Endeleeni, nasoma zote, kesho nina maandazi ya alfajiri.