Wamebeba cherehani yangu bila amri ya mahakama, polisi wanasema "hilo ni la madai"

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jumanne asubuhi vijana wanne wa kampuni ya mikopo, hizi za kausha damu zinazotoza riba ya kuumiza, walikuja kwangu Mbagala na guta. Mimi nilikuwa Kariakoo kufuata uzi na zipu. Nyumbani alikuwepo binti yangu wa miaka 14, peke yake. Wakabeba cherehani ya umeme, ovaloki, jiko la gesi na mtungi wake, godoro la watoto, na viroba viwili vya vitambaa vya wateja. Vya WATEJA! Humo mna sare za shule ambazo wazazi wameshalipa nusu. Hao wazazi wanadaiwa nini?

Deni ninalo, sikatai. Nilikopa 400,000, nimerejesha 310,000, nikakwama wiki mbili mtoto alipougua. Leo wananiambia nadaiwa 380,000. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji hawa. Piga hesabu mwenyewe.

Kituoni askari wa zamu kanijibu, "Mama, wale wanaamini wana haki ya kukudai, kwa hiyo si wizi. Nenda mahakamani." Kwa mtendaji wa mtaa ndiyo nilichoka kabisa: kumbe walipita kwake kutoa taarifa, akawagongea muhuri. Tangu lini muhuri wa mtaa ukawa hukumu?

Aliyenisikiliza ni karani mmoja wa Mahakama ya Mwanzo, Mungu ambariki. Kasema shauri la mali inayohamishika yenye thamani isiyozidi milioni 30 linafunguliwa pale pale, na niombe nirudishiwe vitu vyenyewe, au thamani yake kama vimeshapotea. Deni langu ni shauri lingine. Anayenidai afungue la kwake, ashinde, kisha aje dalali wa mahakama mwenye amri mkononi.

Nikarudi nyumbani nikasoma zaidi. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema hata mtu aliyeshindwa kesi hakamatiwi nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, wala vifaa vya kazi vya fundi. Yaani aliyeshinda kesi anakatazwa kugusa kitanda na vifaa vya fundi, halafu huyu ambaye hajafungua hata kesi anaondoka na cherehani na godoro wanalolalia watoto!

Wananitisha na mkataba. Ndiyo, nilisaini, nakala hawakunipa. Eti una mstari unaosema nikichelewa wachukue chochote. Hata kama upo, vitambaa vya mama wa watu niliviwekaje rehani wakati si vyangu?

Leo mchana jirani kaiona ovaloki yangu nje ya ofisi yao, imebandikwa bei. Wanasheria mliomo humu, nawaomba: nikishafungua shauri, naombaje amri ya haraka isiuzwe kabla hatujasikilizwa? Namba ya mashine nimeiandika kwenye daftari, risiti ya dukani ninayo, na wateja watatu wamekubali kuja kutoa ushahidi. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni mwa mahakama.