Hizi kozi za kompyuta za "kuwawezesha vijana wasio na ajira" zinamsaidia nani hasa?

Wakuu habari za muda huu. Nimekaa kimya muda mrefu ila leo lazima niseme, maana wametangaza tena awamu nyingine na wadogo zetu huku Mbagala washaanza kukimbilia.

Kuna taasisi moja, jina nahifadhi, ilipita mpaka kwa wajumbe wa mtaa ikitafuta vijana wa mazingira magumu wasio na kazi, wafundishwe kompyuta bure halafu waunganishwe na ajira. Sasa fomu yenyewe ya kuomba ipo mtandaoni tu, inataka barua pepe na cheti cha form four kilichoskaniwa. Yaani binti anayeuza maandazi, hajawahi kugusa kompyuta maisha yake yote, ndio aanzie hapo? Matokeo yake darasa likajaa watoto wenye laptop zao nyumbani waliofuata cheti, na wale wachache wa kwetu waliopenya wakakatika njiani kwa nauli, daladala mbili kwenda mbili kurudi na hata chai hupewi.

Humo darasani ndio usiseme. Kompyuta moja watu watatu, Windows 7 ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tangu Januari 2020, kibodi herufi zimefutika. Nilikaa na dada mmoja msusi, kozi nzima hakufanya kitu zaidi ya kufungua na kufunga folda kwa sababu kila akinyoosha mkono kuna mjuaji keshashika mausi, na mwalimu anaona kabisa anapita. Tukaandikishwa madaftari na madaftari, Charles Babbage yule mzee wa historia ya kompyuta, vizazi vya kompyuta, sijui CPU ni ubongo. Excel tulijumlisha safu moja ya namba ikawa imeisha hiyo.

Nendeni Kariakoo muulize mwenye duka anataka kijana wa aina gani. Anataka anayejua kutoa risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, bila kukosea, anayeweza kuweka mahesabu ya stoo kwenye Excel akaona mzigo gani unakaribia kuisha, na kujibu wateja WhatsApp. Nendeni steshenari yoyote hapa mjini, foleni ni ya watu wanaojaziwa maombi ya mkopo wa chuo, kazi za serikali kwenye Ajira Portal, namba ya mlipakodi (TIN), vyeti vya kuzaliwa vya RITA, na wanalipa palepale. Hiyo ni kazi ipo tayari, haihitaji mfadhili, inahitaji mtu aliyefundishwa vizuri.

Na kinachoniuma zaidi ni NeST, ule mfumo wa serikali wa kuomba tenda mtandaoni. Sheria ya manunuzi ya umma imetenga asilimia 30 kwa makundi maalum, vijana tumo humo pamoja na wanawake, wazee na wenye ulemavu, lakini hiyo tenda huigusi kama kikundi chenu hakijasajiliwa kwenye mfumo na hamjui kupakia nyaraka. Mafunzo ya vijana wasio na kazi, kozi nzima, NeST haikutajwa hata kwa bahati mbaya!! Babbage tunaye.

Siku ya kufunga hela zikaonekana sasa. Fulana, mahema, mgeni rasmi, mpiga picha, kila mtu ashike cheti acheke. Kwenye ripoti inaandikwa vijana kadhaa wamefikiwa, mfadhili anaridhika, awamu inayofuata inatoka. Hakuna anayerudi kuuliza nani kaajiriwa. Yule dada karudi kwenye kusuka, mwingine yupo kwenye bodaboda ya mkataba, mimi ni saidia fundi.

Mfadhili kama unasoma hapa, usikubali tena idadi ya waliohitimu, dai jina la mwajiri na mkataba wa kazi, na nauli ya mwanafunzi uitoe kabla ya hela ya fulana. Na kama yupo humu aliyepata kazi kupitia kozi za hivi aje aseme ni kazi gani, maana swali hilohilo niliuliza kwenye grupu la WhatsApp la darasa letu, admini akanitoa.