Kwa nini ini huvunja apolipoprotini B ambayo limetoka kuiunda?

Mwanafunzi wa biokemia, Kisumu:
Wanajukwaa, hamjambo? Apolipoprotini B-100 (apoB), protini inayobeba mafuta kwenye damu, ni kubwa mno, yenye asidi amino 4,536, na seli ya ini hutumia nguvu nyingi kuiunda. Hata hivyo, sehemu yake kubwa inaweza kuvunjwa kabla haijatoka kwenye seli, ilhali albumini, ambayo huundwa na seli zizo hizo, hupita hadi kwenye damu bila misukosuko hiyo. Ni nini kinachoamua ipi itoke na ipi ivunjwe?

Fundi wa maabara, Nakuru:
Kinachoamua, kwanza kabisa, ni mafuta. Albumini huyeyuka majini, hivyo ikishajikunja vizuri iko tayari kusafiri. ApoB ina sehemu nyingi zinazokimbia maji. Ndiyo maana ribosomu ikiwa bado inaiunda, na uzi wake ukipenya utando wa retikulamu ya endoplasmu (mtandao wa vifuko ndani ya seli ambamo protini za kutolewa nje huandaliwa) kupitia mlango uitwao Sec61, protini nyingine iitwayo MTP huanza kuipakia mafuta. Yakikosekana, upenyaji hukwama: kipande kimoja kiko ndani, kingine kinaning'inia upande wa saitoplasmu, ambako hubandikwa yubikwitini (alama ya protini ya kuvunjwa), kisha protini yote huvutwa nje na kukatwakatwa na proteasomu, mtambo wa seli wa kuvunja protini.

Jambo hili huonekana waziwazi katika seli za HepG2, yaani seli za ini la binadamu zinazokuzwa maabara. Hupewa methionini (asidi amino mojawapo) yenye salfa ya mnururisho kwa muda mfupi, kisha ya kawaida, na sampuli huchukuliwa kila baada ya muda. Zisipoongezewa asidi ya oleiki, ambayo ni asidi ya mafuta, alama ya mnururisho ya apoB hufifia ndani ya seli bila kiasi kinacholingana nayo kuonekana kwenye kimiminika cha nje. Zikiongezewa, apoB inayotoka huongezeka, ingawa ujumbe wa jeni yake (mRNA) haujabadilika sana. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipo faida: mafuta yakijaa ghafla, mbebaji yupo tayari, na seli haingoji jeni iamshwe.

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Fundi amesema kweli, ila tusidhani kwamba proteasomu ndiyo njia pekee. ApoB iliyokwisha kupakiwa mafuta inaweza kuharibiwa mbele ya safari, baada ya kuondoka kwenye retikulamu, kwa njia ya autofajia, yaani seli kumeng'enya vitu vyake yenyewe. Insulini huchochea uvunjaji huo, na vivyo hivyo asidi za omega-3 za mafuta ya samaki, ambazo huoksidishwa kwa urahisi ndani ya seli.

Mwanafunzi wa biokemia, Kisumu:
Asante sana, Mwalimu. Je, naweza kuandika kwamba anayekula omena hupunguza apoB kwa njia hiyo?

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Usiandike hivyo, mwanangu. Majaribio hayo yalitumia asidi zenyewe kwenye seli na wanyama wa maabara, wala si sahani ya omena na ugali. Mfano wenye nguvu zaidi kwa mtihani ni ugonjwa wa abetalipoproteinemia, ambapo MTP ina hitilafu ya kurithi na damu hukosa kabisa lipoprotini (chembe za mafuta na protini) zenye apoB. Taja pia lomitapide, dawa inayozuia MTP, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa watu waliorithi kolesteroli ya juu sana kutoka kwa wazazi wote wawili: hushusha kolesteroli, lakini mafuta yaliyokosa mbebaji hujikusanya katika ini, na ndiyo sababu ini la mgonjwa hupimwa mara kwa mara.