Mtoto ana aleji ya karanga na ufuta, nitumie mafuta gani?

MamaG_Tabata: Wadau habari zenu, naomba msaada. Mwanangu wa miaka 4 ana aleji ya karanga na ufuta, alipimwa mwaka jana baada ya kula kashata akavimba midomo na macho, kwahiyo hivyo vitu kwangu haviingii kabisa. Sasa mama mkwe katoka Singida katuletea dumu la lita 5 la alizeti ya mashine, ukifungua tu kifuniko jikoni kote kunanukia. Sijaanza hata kupikia, juzi nikaweka kijiko kimoja kwenye kachumbari, yaani dakika kumi hazijaisha mtoto vipele shingoni anajikuna. Nikampa dawa yake vikapoa. Ina maana alizeti nayo imo? Na kama imo nipikie nini, na kwenye saladi niweke nini maana zaituni bei yake mnaijua.

kijana_wa_mashudu: Dada mimi nimefanya kazi kwenye mashine ya kukamua misimu miwili huko huko Singida. Mashine ni moja, leo kaja mwenye magunia ya alizeti, akimaliza anafuata mwenye karanga, kesho ufuta. Hakuna anayeiosha. Tunachofanya tunamimina mbegu za anayefuata zisukume mashudu ya aliyetangulia, kwahiyo lita za mwanzo zimechanganyika na kitambaa cha kuchujia ni kile kile. Kwa mtu mwingine haina neno, ila kwa mwanao sasa...

Mzee_Kijiweni: Aleji aleji, sisi tumetafuna karanga mbichi shambani mpaka tumbo linauma na hakuna aliyevimba. Mnawadekeza.

Nesi_Mbezi: Shikamoo mzee. Wapo waliovimba, ila tulisema karogwa.

Mama G, kinachosumbua ni protini ya mbegu, sio mafuta yenyewe. Mafuta yaliyosafishwa kiwandani, yale yasiyo na harufu, protini inayobaki ni kidogo sana, hata Marekani sheria yao ya lebo ya 2004 haidai mafuta yaliyosafishwa sana yatajwe kama kitu cha aleji. Haya ya kukamua yakachujwa tu na kitambaa, protini imo. Na usijidanganye ukiyachemsha imekufa, karanga ya kukaanga si bado inamvimbisha mtu?

Mafuta ya ufuta usiguse hata ukiambiwa ni safi, watu wanayanunua kwa ile harufu na mara nyingi hayasafishwi. Ya karanga hivyo hivyo, acha. Lakini pia kuna watu wana aleji ya alizeti yenyewe, kwahiyo mrudishe kwa daktari apimwe na alizeti, mpaka majibu yatoke weka alizeti zote pembeni hata ya kiwandani. Kwa sasa pikia mawese yaliyosafishwa, ila yasiwe ya maisha maana karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda, na ya nazi ndio zaidi, yanapita asilimia 80. Nunua chupa iliyofungwa, sio ya kupima dukani, hujui hilo pipa lilikuwa na nini. Lebo ikisema mafuta ya mimea bila kutaja mmea gani, rudisha. Chips za barabarani nazo muulize anakaangia nini, na kwenye hayo mafuta kapitisha nini kingine.

Saladi wala isikuumize kichwa, kachumbari ni ndimu na chumvi, tangu lini ikadai mafuta? Ukitaka ulaini ponda parachichi. Zaituni chupa ndogo kijiko kijiko inakaa muda mrefu tu.

MamaG_Tabata: Asanteni sana. Nimempigia mama mkwe nikamuuliza kistaarabu ilikamuliwa wapi, akasema mashine ile ya siku zote, halafu akaongezea mwenyewe "na dumu nililisuuza vizuri na maji ya moto maana lilikuwa na ufuta." Dah. Nilikaa kimya kwenye simu mpaka akaniuliza upo? Nilivyomweleza akaanza kulia kwamba kamdhuru mjukuu. Kliniki tunaenda jumatatu, sasa huyu mama nimwambieje asilete tena mafuta bila kumuumiza?

kijana_wa_mashudu: Mwambie mjukuu kaomba kuku wa kienyeji. Singida hiyo dada, atafurahi na atakuja na wawili.